Woodstock ya 1970: santuri tatu, pande sita, na nyimbo mbili ambazo hazikurekodiwa pale

Upande wa nne wa albamu hii ya tamasha la Woodstock unaanza na umati unaoiimbia mvua iondoke. Watu wanapiga makofi, wanagonga chochote kilicho karibu, sauti inapanda na kushuka bila kiongozi. Kelele hizo zinachukua muda wa kutosha mtu kujiona yuko nao topeni, halafu tumba za Santana zinaingia bila pengo na "Soul Sacrifice" inashika moto. Ukisikia hivyo unasema mvua imekatika, bendi imepanda. Kumbe Santana walipiga Jumamosi mchana, tarehe 16 Agosti 1969, na dhoruba ile ilishuka Jumapili, mara baada ya Joe Cocker kumaliza zamu yake. Aliyehariri amechukua kamba za siku mbili akazifunga fundo, na fundo lenyewe huligundui hata ukitega sikio.

Albamu nzima ndivyo ilivyo. Anayekuuzia kama kumbukumbu ya tamasha anakuuzia muhtasari wa mechi kwa jina la mechi. Lakini muhtasari huu umekatwa na mtu anayejua mpira, na kwa mwenye nafasi ya kununua rekodi moja tu ya laivu ya roki, bado ndiyo ya kununua. Ila ajue anachonunua, na ajue namna ya kukipiga hapa Dar bila kukiharibu.

Jina lake kamili ni Woodstock: Music from the Original Soundtrack and More. Ilitoka Mei 1970 chini ya lebo ya Cotillion iliyokuwa ya Atlantic, santuri tatu ndani ya jalada la kukunjua, na huko Marekani ilifika namba moja kwenye chati ya Billboard. Mtayarishaji ni Eric Blackstead. Ilitoka sambamba na filamu ya tamasha, ndiyo sababu ya jina refu. Tamasha lenyewe halikufanyika Woodstock. Lilifanyika Bethel, jimbo la New York, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa la Max Yasgur, mbele ya watu zaidi ya 400,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000. Ujaze mara sita, na foleni ya nje bado haijaisha.

Spika zilifungwa na Bill Hanley juu ya minara ya vyuma pande mbili za jukwaa, na mteremko wa shamba ukafanya kazi ya ukumbi. Kurekodi ilikuwa kazi nyingine kabisa, nyuma ya jukwaa, ndani ya trela. Aliyeikamata ni Eddie Kramer, mzaliwa wa Cape Town ambaye tayari alikuwa fundi wa studio wa mpiga gitaa Jimi Hendrix, akisaidiana na Lee Osborne. Mashine zao zilikuwa za njia nane, yaani mkanda ulibeba sauti nane tu zilizotengana. Piga hesabu: bendi ya watu sita yenye dramu, tumba, timbali, kinanda, besi, gitaa na maikrofoni za waimbaji haienei kwenye njia nane bila vyombo kubebana. Na vyombo vikishabebana kwenye mkanda, hakuna fundi wa baadaye atakayevitenganisha. Uwiano wa dramu uliochaguliwa saa ile, gizani, vifaa vikiwa vimelowa, ndio huohuo unaousikia leo.

Tepu nazo zina ukomo. Reli ya futi 2,500 ikizunguka kwa inchi 15 kwa sekunde inaisha baada ya dakika 33. Kwa hiyo mashine hutakiwa mbili, moja ikikaribia mwisho nyingine inaanza. Bendi inayotawanya wimbo mmoja kwa dakika ishirini humtesa fundi kuliko mvua.

Masikio yaliyolelewa na rekodi za zamani za muziki wa dansi hayatashangaa: sauti ya mwimbaji iko mbele, magitaa yako wazi, dramu ziko nyuma kidogo kama zinapigwa chumba cha pili, besi inakuja na kuondoka. Aliyezoea singeli iliyopikwa kwenye kompyuta ataona kitu hiki kina njaa ya besi. Asiongeze besi mpaka mwisho. Chini kabisa hakuna muziki uliofichwa, kuna muungurumo wa jukwaa la mbao na upepo kwenye maikrofoni. Ongeza kidogo tu, kisha ongeza sauti nzima.

Turudi upande wa nne, maana ndio unaobeba albamu. Santana walipopanda pale, santuri yao ya kwanza ilikuwa haijafika madukani. Ilitoka mwishoni mwa mwezi uleule. Umati haukuwajua. Mpiga dramu, Michael Shrieve, alikuwa na miaka 20. Wako Mike Carabello kwenye tumba na José Areas kwenye timbali, David Brown anashikilia besi ya mduara isiyobadilika, Gregg Rolie yuko kwenye kinanda cha Hammond. Mtu wa dansi ataelewa ujenzi wake haraka: hakuna ubeti wa kusubiri, kumeanzwa moja kwa moja kwenye chemko. Tumba na timbali zinaulizana na kujibizana, gitaa la Carlos Santana linaingia kwa noti ndefu badala ya kukimbia, kisha kila mtu ananyamaza na kumwachia Shrieve peke yake. Sikiliza anavyoshuka mpaka karibu na kimya. Kwenye spika ndogo ya bluetooth sehemu hiyo hupotea na watu hudhani wimbo umeisha.

Toleo la santuri lina dakika nane hivi. Wimbo ulivyopigwa unakaribia dakika 12, na urefu huo unapatikana kwenye matoleo ya baadaye ya kazi za Santana. Waliokata mwaka 1970 walijua walifanyalo, ingawa ukishasikia wote mzima, wa santuri unaonekana kama umevaa viatu vya kubana.

Unaofuata ni "I'm Going Home" wa Ten Years After, zaidi ya dakika tisa za Alvin Lee akikimbiza gitaa. Ni kasi. Baada ya Santana, kasi peke yake haitoshi, lakini upande haujaharibika.

Upande wa tatu una nyimbo tatu tu na mbili kati yake ni za kukaa chini. The Who walipiga alfajiri ya Jumapili, kwenye saa kumi na moja, na jua lilichomoza wakiwa mwishoni mwa nyimbo za albamu yao ya Tommy. "We're Not Gonna Take It" iliyomo humu ni ya kipande hicho. Kisha Joe Cocker na "With a Little Help from My Friends". Wimbo ni wa Beatles, ila Cocker ameubadili mapigo, umekuwa wa kuyumba kwa tatu, na kinanda kimewekwa kama cha kanisani. Ukelele wake wa mwishoni ndio kipimo bora cha sindano ndani ya santuri zote tatu. Uko karibu na lebo, mahali ambapo mfereji umejikunja. Kwa mizunguko 33⅓ kwa dakika, sindano ikiwa ukingoni husafiri karibu sentimita 51 kwa sekunde. Ikifika ndani kabisa, husafiri kama sentimita 21 tu. Mawimbi yaleyale ya sauti yanabanwa kwenye urefu usiofika nusu. Sindano iliyochakaa au iliyofungwa upogo haitaweza kuyafuata, itachana. Kama ukelele wa Cocker unakwaruza na utangulizi wa kinanda uko safi, usiilaumu santuri kwanza. Badili sindano, weka yenye ncha ya duaradufu, ipe uzito wa gramu 1.5 hadi 2 kulingana na maelekezo ya kichwa chake, ndipo uhukumu.

Pande nyingine zitajwe kwa haraka. Wa kwanza ni mchanganyiko usiojali kalenda hata kidogo: John Sebastian wa Jumamosi, Canned Heat wa Jumamosi, Richie Havens wa Ijumaa, Country Joe and the Fish wa Jumapili, Arlo Guthrie ambaye tutarudi kwake, na Sha Na Na wa Jumatatu asubuhi. Havens ndiye aliyefungua tamasha, Ijumaa kama saa kumi na moja jioni, akavutwa aendelee kupiga kwa sababu wenzake walikuwa wamekwama barabarani. Nyimbo zikamwishia. "Freedom" ni kitu alichokibuni palepale juu ya wimbo wa zamani wa kiroho wa Wamarekani weusi, gitaa moja la mbao, mguu ukipiga jukwaa. Kwa hesabu ya senti kwa sekunde, hakuna kipande kingine humu kilichopatikana kwa gharama ndogo kama hicho.

Upande wa pili ndio dhaifu zaidi, na unaanza na Country Joe McDonald akiuongoza umati kutamka tusi herufi kwa herufi kabla ya wimbo wake wa kuikejeli vita ya Vietnam. Mwenye duka au mgahawa asiuweke bila kuusikiliza kwanza, na nyumbani angalia nani yuko sebuleni. Joan Baez ni msafi na mtulivu. Crosby, Stills na Nash, waliopiga kwenye saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, walikuwa wanasimama mbele ya watu kwa mara ya pili tu tangu waungane, na "Suite: Judy Blue Eyes" inasema hivyo: sauti zinapishana, nyuzi zinateleza. Spika za kumrudishia mwimbaji sauti yake jukwaani zilikuwa bado duni enzi hizo. Watu watatu wanaotegemea kusikilizana na hawasikiani vizuri, hutoka hivyo. Kuna wanaoupenda kwa sababu hiyohiyo. Hatumo.

Wa tano usiuruke. Sly and the Family Stone walipanda kama saa tisa na nusu usiku wa kuamkia Jumapili, bendi ya weusi na weupe, wanaume na wanawake, Larry Graham kwenye besi, Cynthia Robinson kwenye tarumbeta, Jerry Martini kwenye saksafoni, na waliwaamsha watu waliokuwa wamelala kwenye matope. Ni mwito na kiitikio mwanzo mpaka mwisho. Yeyote aliyewahi kuona ukumbi ukijibu bendi Jumapili jioni atajua kinachotokea bila kuhitaji Kiingereza. Kabla yake kuna hotuba fupi ya Yasgur, mkulima mwenyewe, inayosikika kama ya mjumbe wa nyumba kumi aliyekutwa na harusi kubwa kuliko mtaa.

Sasa Guthrie. "Coming into Los Angeles" iliyomo kwenye santuri hii haikurekodiwa Woodstock. Guthrie alikuwepo na wimbo aliupiga, ila rekodi iliyotumika ni ya mahali pengine. Vilevile "Sea of Madness" ya Crosby, Stills, Nash na Young, mwishoni mwa upande wa pili, ilirekodiwa kwenye ukumbi wa Fillmore East, New York, Septemba ile. Ukishaambiwa, utaisikia tofauti: hewa ni ya ukumbi wenye paa, mwangwi unarudi haraka, kelele za watu ziko karibu na ni chache. Kwenye nyimbo za shambani makofi yanakuja kama bahari, hayana ukuta wa kugonga. Jifundishe kusikia hivyo na utawagundua waongo kwenye albamu nyingi za laivu, maana mtindo huu haukuanzia wala kuishia hapa.

Kinachokera zaidi ya hizo mbili ni wasiokuwemo. Creedence Clearwater Revival walipiga, hawamo. Janis Joplin hayumo. The Band hawamo. Grateful Dead hawamo. Anayezitaka sauti hizo atatafuta kwingine: zamu ya Joplin ilitolewa mzima mwaka 2009, ya Creedence 2019. Santuri mbili za Woodstock Two, za mwaka 1971, zinaongeza Hendrix, Melanie, na bugi refu la Canned Heat, lakini ni za mwenye kiu tayari, siyo za kuanzia.

Mwaka 2019 kampuni ya Rhino ilitoa kasha la CD 38, vipande 432, saa 36, kwa mpangilio wa siku zenyewe pamoja na matangazo ya jukwaani: nani kapotea, nani anatafutwa na nani. Yalitengenezwa makasha 1,969 tu. Karibu kila kitu kimo isipokuwa nyimbo mbili za Hendrix ambazo warithi wake walizizuia, na sehemu ya Sha Na Na ambayo haikuingia kwenye mkanda. Kwa mchunguzi, hilo ndilo Woodstock. Kwa msikilizaji wa kawaida ni mzigo, maana saa 36 za ukweli zina kuharibika kwa vyombo kwingi na kusubiri kwingi, na ndipo unapomheshimu Blackstead kwa mkasi wake. Kuna matoleo madogo ya kasha hilohilo, la CD 10 na la CD 3, na hilo la 10 ndilo tungemwelekeza mtu anayetaka kumsikia kila mpigaji bila kuuza kiwanja. Asiyetaka kuhangaika na santuri atafute toleo la CD mbili la mwaka 2009, lililosafishwa upya; sauti imetulia na pande hazigeuzwi.

Anayetaka santuri, haya hapa. Kwanza, usishtuke ukikuta upande wa kwanza umegongwa mgongo kwa mgongo na wa sita. Toleo la asili limepangwa 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4, kwa ajili ya mashine za enzi hizo zilizobeba santuri kadhaa kwenye mhimili na kuziangusha moja baada ya nyingine. Zikiisha kuanguka tatu, mtu aligeuza rundo lote mara moja na kuendelea na 4, 5, 6. Ukiwa na mashine ya kawaida ya mkono, unapiga ya kwanza, unatoa, ya pili, unatoa, ya tatu, unaigeuza, halafu unarudi kinyumenyume. Wauzaji wa mitumba wasiojua hili huchanganya santuri za matoleo tofauti, na mnunuzi akifika nyumbani anakuta upande wa pili mara mbili na hana wa sita. Kabla ya kulipa, toa santuri zote tatu na usome namba za pande kwenye lebo. Ni sekunde thelathini.

Tazama pia chini ya taa. Mikwaruzo myembamba inayofuata mzunguko ni ya sindano, ile inayokatisha ni ya mikono. Ya kukatisha hutoa mlio wa tik kila mzunguko na mara nyingi inavumilika. Ya mzunguko huonyesha santuri ilipigwa na mashine nzito ya gramu tano au sita, na hiyo haioshwi ikapona. Upande wa nne huwa umechakaa kuliko mingine yote. Utaelewa kwa nini.

Pili, umeme. Mashine nyingi za zamani zinazoletwa kutoka Marekani ni za volti 120 na mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde. Hapa ni volti 230 na mizunguko 50. Transfoma ya kushushia volti itaokoa mota isiungue, lakini haigusi mizunguko. Mota ya aina inayofuata mizunguko ya umeme itakwenda kwa asilimia 83 ya kasi yake, na muziki utashuka kwa zaidi kidogo ya nusu toni tatu: Joan Baez anakuwa mwanaume na Santana wanakuwa wazee. Dawa ni puli ya mota yenye kipenyo mara 1.2 ya ile iliyopo. Ya milimita 10 inakuwa ya 12. Kama haipatikani, mafundi wa leti wa Gerezani wanachonga ya shaba, ila peleka ya zamani kama sampuli na usisitize tundu la katikati liwe katikati kweli. Likikosea kwa unywele, kila noti ndefu ya gitaa itayumba. Mashine za mota ya DC, zenye adapta, hazina tatizo hili.

Kupima, chapa karatasi ya duara yenye mistari 180, iweke juu ya santuri na uitazame chini ya tyubu ya zamani yenye choki. Mistari ikisimama, kasi ni sawasawa. Yenye mistari 216 ni ya umeme wa mizunguko 60, haikufai hapa. Na taa nyingi za LED hazipepesi kwa mpigo wa umeme, kwa hiyo chini yake mistari haitakuambia chochote.

Usiweke spika na mashine kwenye meza moja. Nyumba nyingi zetu zina sakafu ya saruji, hiyo ni bahati, lakini meza ya mbao hubeba besi mpaka kwenye sindano na muungurumo unajizalisha. Feni ya mezani nayo itoke.

Tatu, joto na unyevu. Santuri iliyokaa karibu na bahari bila kufunguliwa huota ukungu, madoa meupe kama vumbi la chaki yasiyofutika kwa kitambaa kikavu. Ukilazimisha kuifuta hivyo unausugulia ukungu ndani ya mfereji. Ioshe: lita moja ya maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri, na hakikisha ni maji na siyo tindikali, maana vyupa vinafanana, matone mawili au matatu ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato mazito, brashi laini, kufuata mzunguko, lebo isilowe. Suuza kwa maji yaleyale yasiyo na sabuni. Ya bomba yana chumvi, ikikauka inabaki kwenye mfereji na kulia. Kausha kwa kusimamisha, kivulini. Ukungu mkali unavumilia sehemu moja ya spiriti safi ya isopropili kwa tisa za maji. Spiriti hiyo usiitumie kabisa kwenye zile santuri nzito za zamani za mizunguko 78, itaziyeyusha. Karatasi za ndani zinazonuka ukungu zitupwe, ziwekwe mpya, na vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vina kazi hapa. Hifadhi kwa kusimamisha. Na usiiache ndani ya gari, hata kwa kuingia benki mara moja pale Posta: gari lililofungwa juani linatosha kuikunja.

Kwa simu mambo ni mepesi lakini yana mtego wake. Albamu ina saa mbili na robo hivi. Kwa kiwango cha juu cha kawaida, kilobiti 320 kwa sekunde, ni karibu MB 325. Kwa 96 ni kama MB 97, na kwa rekodi ya njia nane yenye makelele ya umati hiyo 96 hugeuza makofi kuwa mchanga unaomwagwa. Pakua ukiwa na WiFi. Kisha zima upangaji wa kubahatisha na washa upigaji usio na pengo. Programu isiyo na kitu hicho itaweka nusu sekunde ya kimya kati ya mvua na Santana, na fundo lile tulilolisifu pale juu litafunguka mbele yako.

Umebaki upande wa sita. "Love March" ya bendi ya Paul Butterfield ni ndefu kupita haja yake. Halafu Hendrix, Jumatatu, kama saa tatu asubuhi, wengi wakiwa wameshaondoka. Albamu inakupa kama dakika 13: wimbo wa taifa wa Marekani, "Purple Haze", na solo. Gitaa ni Stratocaster nyeupe ya mkono wa kulia iliyogeuzwa kwa mpigaji wa kushoto, amplifaya za Marshall, pedali ya wah na ya kukwaruzisha sauti. Anapouchana wimbo wa taifa kati ya mistari, unasikia mabomu na ving'ora vinavyotoka kwenye nyuzi sita, na kwa kuwa ni kelele za makusudi zilizowekwa kwenye mfereji wa ndani kabisa, sindano mbovu itaongeza zake na hutajua zipi ni za nani. Ndiyo maana ya kumpima Cocker kwanza.

Jukwaani pale alikuwa na wapiga tumba wawili, Jerry Velez na mwingine aitwaye Juma Sultan. Ni Mmarekani, mzaliwa wa California, jina lisikudanganye. Kwenye picha anaonekana akipiga kwa mikono yote. Kwenye santuri, tega sikio utakavyo, weka hedifoni, ongeza sauti: yeye na Velez karibu hawasikiki, gitaa limewafunika.